Bwana Labda Anatukabidhi Kopo la Vifungo

Tarehe thelathini Juni, saa tisa na nusu alasiri, mchambuzi mwandamizi wa Kitengo cha Makadirio ya Maradhi atafunga mlango wa chumba cha mwisho wa korido na kurudisha ufunguo masijala, baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi minne ya utumishi. Hizo ni takwimu za ofisi ya utumishi. Mwenyewe ukimuuliza, atakwambia ni kati ya miaka thelathini na miwili na thelathini na minne, kutegemea utauhesabu vipi ule mwaka wa kwanza alipokuwa akifundisha hesabu shuleni asubuhi na kuja kwetu mchana. Ukimbana akupe jibu moja, atavua miwani, aifute kwa ncha ya shati, na kukuuliza unalitakia nini.

Jina la Bwana Labda alipewa na sista mkuu wa wodi ya magonjwa ya kuambukiza. Sista alimuuliza ategemee wagonjwa wangapi wa homa wiki inayofuata, akajibiwa kwamba labda arobaini, labda themanini, ila uwezekano mkubwa ni hamsini na kitu. Sista akamwambia kuwa yeye ana vitanda vya kutandika, hana nafasi ya kutegua vitendawili. Wiki iliyofuata wakaja hamsini na wanane. Tangu siku hiyo kila Ijumaa mchana Sista alikuwa akipita kwetu, anaegemea mlango na kuuliza, "Haya, Bwana Labda, labda ngapi?" Jina likashika. Hata barua za kikazi zimewahi kuja kwa jina hilo, na moja ilitoka ngazi za juu kabisa.

Kwa wale wa idara nyingine ambao miaka yote hii wamekuwa wakitupita koridoni wakidhani sisi ni watu wa mitambo ya kompyuta, nieleze kidogo. Kirusi kikiingia mjini, madaktari humtazama mgonjwa, na maabara hukitazama kirusi chenyewe. Kazi ya Bwana Labda ilikuwa kuwatazama watu wote kwa pamoja: nani bado hajaugua, nani anaumwa na anaambukiza, nani ameshapona na ana kinga, na wanahama vipi kutoka kundi moja kwenda jingine siku hadi siku. Picha hiyo ya maradhi, iliyochorwa kwa hesabu, ndiyo tunayoiita modeli. Ikiwa nzuri, unaweza kuiuliza maswali kabla mambo hayajatokea. Tukichanja shule kwanza itakuwaje? Tukichelewa wiki mbili je?

Alipofika kwetu, kitengo kilikuwa meza moja, ubao wa chaki na kabati lililokuwa halifungiki. Modeli yake ya kwanza aliikokotoa kwa mkono kwenye daftari la shule, siku moja ya mlipuko kwa kila ukurasa, na daftari hilo lipo hadi leo. Ukurasa wa kumi na tisa una doa la chai. Chini ya doa ameandika kwa penseli kwamba namba iliyofunikwa ni kati ya 60 na 90.

Huwezi kumwelewa mzee huyu bila kumjua mkewe, ambaye ni fundi cherehani. Duka lake liko mitaa miwili kutoka hapa, na nusu ya sare za wauguzi mnazoziona zimepita mikononi mwake. Mama huyu ni mtu wa namba moja. Kiuno ni inchi thelathini na mbili au si thelathini na mbili. Amekaa na mume wa labda karibu miaka thelathini na mitano, na kila mtu anayeingia dukani humsimulia jinsi bwana harusi alivyomwambia kwamba angefika na wazee wake kati ya saa nne na saa saba, kuku wakachinjwa saa tatu, na watu wakala wali wa baridi.

Lakini ni huyohuyo mkewe aliyempa maneno ambayo kwayo alikuja kuwaelewesha wakubwa. Kwa miaka mingi alikuwa akiingia kwenye vikao na michoro yake yenye mistari mitatu, wa chini, wa katikati na wa juu, na kila mara mkubwa fulani anauliza mstari wa kweli ni upi. Siku moja alikaa dukani akimngoja mkewe afunge, akamwona anakata gauni na kuacha kitambaa cha ziada ndani ya mshono. Akauliza cha nini. Mkewe akajibu kwamba mwenye gauni anasema hatanenepa, lakini yeye ameshashonea watu wengi. Kesho yake mzee alikwenda kikaoni na gauni la watu begani. Akaligeuza nje ndani mbele ya wakubwa, akawaonyesha kitambaa kilichofichwa, akasema mstari wa juu kazi yake ndiyo hii. Kikao kile kiliisha mapema kuliko vyote alivyowahi kuhudhuria. Gauni lilirudi na alama ya kalamu, na mwenye gauni hakufurahi.

Kopo la vifungo nalo lilitoka duka hilohilo. Ni kopo la maziwa ya unga, limepoteza rangi, na kila aliyeajiriwa katika kitengo hiki ameanza kazi kwa kulitikisa. Ndani kuna vifungo vyeupe mia moja: hao ni watu ambao hawajaugua. Unaweka chekundu kimoja: huyo ni mgonjwa. Unatikisa, unafumba macho, unachomoa viwili. Vikiwa chekundu na cheupe, wawili hao wamekutana, basi cheupe unakitoa na kuweka chekundu kingine mahali pake. Baada ya mizunguko kadhaa, chekundu kimoja kinapona na kuwa cha bluu. Unaandika, unatikisa tena.

Mimi nilipofika, miaka kumi na mitatu iliyopita, na shahada yangu ya pili ikiwa bado inanukia wino, nilidhani nataniwa. Nilitikisa siku mbili. Siku ya kwanza nikaona ugonjwa unaanza polepole hadi unasahau kuwa upo, kisha kufumba na kufumbua kopo zima ni jekundu. Siku ya pili nikaanza upya na vifungo vilevile, kwa kanuni zilezile, na ugonjwa ukafa baada ya mizunguko minane tu. Nikamwambia nimekosea mahali. Akacheka mpaka akakohoa. Hakuna kilichokosewa, alisema, ila sasa umejua kwa nini mimi ni Bwana Labda. Na kwa kuwa nilikuwa nimemaliza vitikiso vya siku nzima kabla ya saa sita, nami akaniita Haraka. Nalo likashika.

Kuna jambo jingine la vifungo ambalo wageni huliona kama wizi. Umeshafika mbali, kopo lina bluu nyingi, unajiona umemaliza mlipuko, mara mzee anapita nyuma yako, anachomoa bluu tatu na kurudisha nyeupe. Ukilalamika anakwambia kwamba kinga nayo huchoka. Watu huona ni mchezo, lakini nyuma yake kuna miaka mitatu ya kazi: kila baada ya miezi sita alikuwa akiwabembeleza waliopona homa waje kutoa damu, na maabara ikipima kinga iliyobaki. Alikuwa akiwafuata mpaka majumbani. Mama mmoja muuza mkaa alimwambia kwamba hata mumewe hajawahi kumfuatilia hivyo. Kutokana na damu hizo akaonyesha kwamba kwa wengi kinga ile ilikuwa ikipungua kuanzia mwaka wa pili, na ratiba ya chanjo ya wafanyakazi wa hospitali hii ikabadilishwa.

Kazi aliyoipenda zaidi, nadhani, ilikuwa ya bweni la wanafunzi wa uuguzi. Homa ililipuka bwenini, na kanuni ya wakati huo ilikuwa kumtenga mtu pale joto lake linapopanda. Walitengwa, na homa ikaendelea kutambaa kitanda hadi kitanda. Bwana Labda aliomba kila mwanafunzi apimwe puani kila siku, mzima na mgonjwa. Alipoweka matokeo kwenye mchoro, ikaonekana kwamba kirusi hujizidisha kimya kimya na kufika juu kabisa kabla mwili haujashtuka, kwa hiyo mtu alikuwa akiambukiza siku moja hadi mbili kabla hajajihisi vibaya. Walikuwa wakifunga mlango baada ya mwizi kuondoka. Kanuni ikageuzwa, akawa anatengwa aliyekaa na mgonjwa, hata kama anaimba na kucheka. Wanafunzi walimnunia wiki nzima. Homa ikakoma siku ya kumi na moja, na yeye alikuwa amesema kati ya nane na kumi na tano.

Siwezi kuacha kisa cha getini, maana askari wa zamu ya siku ile bado yupo nasi na atakuwa ukumbini siku ya kumuaga mzee, makala hii itakaposomwa. Modeli inataka kujua mtu mmoja hukutana na wangapi kwa siku. Mzee akasimama getini asubuhi nne mfululizo na kijidaftari, akiandika nani anampa nani mkono, kwa muda gani, na kama wamesogeleana kuongea. Siku ya nne askari wetu akamkamata. Alieleza baadaye kwamba alimwona mtu mzima anaandika salamu za watu, akajua huyu ama ni mpelelezi wa wake za watu ama ni mwizi anayepanga jambo. Mzee alikaa kwenye kibanda cha askari saa moja na robo, na katika muda huo akamhoji askari mwenyewe amesalimiana na wangapi. Jibu lilikuwa mia mbili na kumi na nne. Askari akawekwa kwenye modeli kama kundi la peke yake, na akawa mtu wa kwanza kuchanjwa mwaka ule. Wamekuwa marafiki tangu hapo.

Mhariri wa jarida hili aliniomba niandike mambo mepesi, ya kuchangamsha. Nimejitahidi, na ningeweza kuendelea: miavuli aliyoisahau (kati ya ishirini na thelathini), au siku aliyomfundisha mkurugenzi kutikisa kopo na vifungo vikamwagika hadi chini ya kabati. Lakini naomba nafasi ya jambo moja zito, na nikishalisema nitarudi kwenye furaha. Nisipolisema leo, atatoka na doa lisilo lake, na mimi nitakaa kwenye kiti chake nikilijua.

Wengi mnaikumbuka homa kali ya miaka tisa iliyopita. Wenye kumbukumbu nzuri zaidi mnakumbuka pia kwamba Kitengo cha Makadirio kilitangaza kuwa katika wiki ya kilele vitahitajika vitanda mia mbili na tisini, na wagonjwa wakafika mia nne na kumi na wawili. Ilisemwa wakati ule, na imeandikwa kwenye faili la Bwana Labda, kwamba mchambuzi alitoa kadirio lenye kosa. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Sivyo ilivyotokea.

Ripoti aliyoiacha mzee mezani ilisema vitanda vitakavyohitajika ni kati ya mia moja themanini na mia nne sitini, na katikati mia mbili na tisini. Aliiandika kwa mkono wake, akaniachia niichape, akaenda kufanyiwa upasuaji wa ngiri katika hospitali hiihii, ghorofa ya tatu. Siku ya pili yake mkurugenzi wa wakati ule alinipigia simu. Alitaka namba moja kabla ya saa sita, atangaze. Nikamwambia kuna tatu. Akasema hawezi kusimama mbele ya watu na kuwaambia labda. Nilikuwa na miaka minne kazini, mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi unaofuata, na nilitaka kuonekana ninajua kazi. Nilifuta mstari wa chini na mstari wa juu. Nikabakiza wa katikati, nikapeleka, na chini yake kulikuwa na jina la Bwana Labda kama ripoti zote za kitengo. Kazi ile ilinichukua kama dakika mbili.

Tangazo alilisikia kwenye redio ya mgonjwa wa kitanda cha pili. Akaniita. Nilipanda ngazi nikiwa nimeshaandaa maelezo, na nilipomwona amekaa pembeni ya kitanda, mkono umebana mshono wa tumboni, maelezo yakapotea. Aliniuliza mistari miwili iko wapi. Nikamwambia. Hakupandisha sauti. Aliomba kalamu, akageuza karatasi ya joto lake, akamwandikia mkurugenzi nyuma yake kwamba namba iliyotangazwa haikukamilika na mstari wa juu ni mia nne sitini. Jibu lilikuja jioni ileile: namba imeshatangazwa, kuibadilisha kutaleta taharuki. Ndipo akanituma kwa sista mkuu na ujumbe wa maneno mawili: labda zaidi. Sista hakuuliza swali hata moja. Alihamisha viti vya ukumbi wa mafunzo mwenyewe na wahudumu wake, akatandika magodoro themanini sakafuni.

Fanyeni hesabu. Vitanda mia mbili na tisini, magodoro themanini, wagonjwa mia nne na kumi na wawili. Arobaini na wawili walikaa kwenye mabenchi ya korido, wengine siku mbili, na mitungi ya oksijeni iliyoagizwa kwa namba yangu ikawa inapokezanwa. Nilipita korido ile kila asubuhi kwenda kukusanya fomu. Palikuwa na baba mmoja aliyekuwa amemshikilia mkewe kwa ubavu ili asidondoke benchi, na kila nikipita alinipisha njia kwa adabu, akiniita daktari.

Kamati iliundwa. Nilikaa nje ya mlango nikingoja kuitwa, na nilikuwa nimeamua kusema kila kitu, au ndivyo ninavyopenda kukumbuka. Sikuitwa. Bwana Labda alitoka akitembea taratibu kwa ajili ya mshono, akaniambia twende, wamemaliza. Aliwaambia kwamba namba imetoka kwenye kitengo chake, chini ya jina lake, na hana la kuongeza. Cheo cha mkuu wa utafiti, ambacho wote tulijua ni chake mwaka ule, alipewa mtu mwingine.

Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwa hesabu kama kawaida yake. Yeye alikuwa amebakiza miaka tisa, mimi kama thelathini. Kitengo kilikuwa na watu wawili tu waliokuwa wanaijua modeli ile. Ikibidi mmoja aadhibiwe, alisema, bora anyimwe cheo yule mzee kuliko kufukuzwa kazi yule kijana, maana milipuko itakuja baada yake na lazima pawe na mtu wa kutikisa kopo. Akanitaka nimwahidi kwamba sitasema kitu mpaka atakapostaafu. Nikaahidi. Sijui kama niliahidi kwa heshima au kwa woga. Labda vyote.

Lakini hakuniachia hivihivi. Wiki hiyohiyo alinikalisha, tukakokotoa pamoja ni wangapi kati ya waliofariki wangeweza kuwa hai kama vitanda na mitungi ingetosha. Kukokotoa kitu kama hicho ni vigumu, kuna mengi hayajulikani, na nilitumaini kwamba ataniambia haiwezekani. Tulipomaliza, mwanzo wa kadirio ulikuwa sifuri. Mwisho wake ulikuwa saba. Tukawa tunaitazama ile saba. Kisha akaniambia, "Hata hii, mwanangu, utaibeba kwa ncha zote mbili. Usijibebeshe saba peke yake, na usijifiche kwenye sifuri." Akainuka kwenda kuchemsha maji ya chai. Tangu siku ile sijawahi kupeleka namba moja kokote, na wakurugenzi watatu wameshanikasirikia.

Miaka tisa aliyofanya kazi na doa lile hakuniumbua hata kwa utani, na mnajua anavyopenda utani. Alinifundisha kila alichokijua. Nilipojifungua, alikuja hospitali na mkewe, akamtazama mtoto, akasema atakuwa na akili, kati ya kiasi na nyingi. Mwanangu sasa ana miaka mitano na anamwita babu.

Jana asubuhi nilimpelekea mkurugenzi barua kueleza yote haya, pamoja na ile ripoti ya mkono yenye mistari mitatu, ambayo nimekuwa nikiitunza nyumbani. Nakala imekwenda masijala iwekwe kwenye faili lake. Mkurugenzi ameisoma. Kama nitabaki kwenye kiti nilichopangiwa kurithi au la, sijui bado, na nimelala vizuri. Bwana Labda hajui. Atayasikia haya ukumbini, safu ya mbele, na nategemea atavua miwani na kuanza kuifuta.

Mkewe anajua. Nilipita dukani kumwomba ruhusa, kwa sababu jina ni lao wote wawili. Alikuwa anamalizia koti la kuagia, limejaa pini. Akanisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kazi, kisha akasema, "Afadhali, mwanangu. Mimi miaka tisa nimeushona mdomo huu, na unavyoniona si mtu wa kukaa kimya." Akanipa ncha moja ya koti nishike wakati anakata uzi. Niliona ndani ya mishono ameacha kitambaa cha kutosha. Nikamtania kwamba mumewe si wa kunenepa umri huu. Akasema atakuwa nyumbani kutwa nzima sasa, na yeye ndiye anayepika.

Basi, Bwana Labda. Wenzako wa vyumba vitatu vya mwisho wa korido, sista mkuu na wodi yake, askari wa getini na salamu zake mia mbili na kumi na nne, waliokuwa wanafunzi wa bweni ambao leo ni wauguzi wakubwa: wote wanakushukuru. Mamia ya watu mjini wanatembea wazima kwa ajili ya mistari yako, na hawatakujua kamwe, maana asiyeugua hana sababu ya kumuuliza mtu aliyekadiria. Tunakuombea afya na miaka ya raha kati ya ishirini na arobaini, wali wa moto kila siku, na miavuli isiyopotea.

Kopo umeniachia mezani wiki iliyopita bila maneno. Nimehesabu vifungo, vyote vipo. Mara moja tu tangu mwaka ule wa homa kali nitaandika namba isiyo na chini wala juu, nayo ni hii: aliyefuta mistari ile miwili alikuwa mtu mmoja, na mtu huyo ni mimi, Haraka. Faili lako ni safi. Nenda kapumzike, mzee wetu. Vitanda tutavihesabu sisi, kwa ncha zote mbili.